Mwana wa kumi na tatu

Mwanangu Salma,

Barua yako nimeipata. Unasema mtaandika juu ya Firauni Ramses wa Pili na wewe umechagua vita vya Kadeshi, ule mji wa Shamu (Syria ya leo). Darasa zima litachagua Kadeshi! Alipigana na Wahiti, dola kubwa iliyokuwa Uturuki ya leo, mwaka wa tano wa utawala wake, mji hakuuteka, kisha akajichora kwenye kuta za mahekalu kama mshindi. Inachekesha, lakini imeshaandikwa mno. Mimi ningeandika juu ya warithi wake.

Ramses alitawala miaka 66, kuanzia 1279 hadi 1213 KK, na wanawe wa kiume peke yao walikuwa makumi. Ungedhani mtu kama huyo hana shida ya mrithi. Sasa angalia. Amunherkhepeshef, mwana wa kwanza wa Malkia Nefertari, alikufa baba angali hai. Akafuata mdogo wake aliyeitwa Ramses, naye akafa. Zamu ikamfikia Khaemwaset, kuhani mkuu wa mungu Ptah katika mji wa Memphis, ambaye ndiye ninayempenda kuliko wote: alikarabati piramidi za wafalme wa kale, akachonga upya majina yao juu yake. Naye akamtangulia baba yake. Wana kadhaa walizikwa katika kaburi moja kwenye Bonde la Wafalme. Mwaka 1995 mwanaakiolojia Kent Weeks na wenzake waligundua kwamba lina vyumba na korido nyingi ajabu, zaidi ya mia.

Mzee alipofariki, kiti kilimwangukia Merneptah, mwana wa kumi na tatu, naye tayari ni mtu mzima wa miaka 60 hivi. Hata hivyo Walibya walipovamia kutoka magharibi, jeshi lake liliwapiga. Alitawala miaka kumi tu.

Baada yake mambo yakaharibika. Seti wa Pili, mwanawe, alipingwa na Amenmesse, aliyeshika kusini mwa Misri. Akaja Siptah, kijana mwenye ulemavu wa mguu, kisha Tausret, mjane wa Seti, akavaa taji mwenyewe. Haikutimia miaka 30 tangu Ramses afe, nasaba yake ikatoka madarakani. Mimi naona maisha yake marefu yalichangia: matawi ya wajukuu yalikuwa mengi, na kila tawi lilikuwa na damu ya mfalme.

Chora mti wa ukoo kwanza, ndipo uandike, majina yatakuchanganya. Mama anakusalimu, anauliza kama sweta imekufikia.

Baba yako