Kuuliza andiko si kumgusa masihi: barua ya wazi kwa vijana wa usharika wetu

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Kwenye kundi lenu la WhatsApp kulikuwa na tangazo: nabii mgeni anakuja, kila kijana apande mbegu, yaani atoe sadaka ya kuombewa, ya shilingi 50,000 kabla ya Ijumaa, na asiyepanda asishangae mwaka ukiisha yuko palepale. Chini yake Amina zimepangana, moja baada ya nyingine. Katikati ya Amina hizo binti mmoja, jina lake nalihifadhi, akaandika: "Samahani viongozi, hili la kulipia maombi liko kwenye andiko gani?" Akajibiwa, "Usimguse masihi wa Bwana," yaani mtumishi aliyepakwa mafuta. Mwingine akamwambia ana roho ya uasi. Kisha akatolewa kwenye kundi, na Amina zikaendelea kama kawaida.

Nimeudhika. Tangazo lenyewe halijaniudhi sana, maana waganga njaa wamekuwapo tangu Simoni wa Samaria alipotaka kununua Roho Mtakatifu kwa fedha. Kilichoniudhi ni kwamba katika kundi zima hakuna hata mmoja aliyesema, "Jamani, swali lake ni la haki."

Sasa tukae kidogo kwenye hilo andiko mlilomtupia, kwa sababu nimelisikia likitumika hivyo mpaka nimechoka. Ni Zaburi ya 105, mstari wa 15. Mmeusoma wa 12? Wa 13? Wa 14? Fungueni. Wanaozungumziwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo: watu wachache, wageni, wanatangatanga kutoka taifa hata taifa, hawana hata kipande cha ardhi cha kujivunia. Mungu anawakemea wafalme wasiwaonee wanyonge hao. Andiko la kumlinda mgeni asiye na mtetezi dhidi ya mwenye nguvu, ninyi mmeligeuza ngao ya mwenye gari na walinzi dhidi ya binti asiye na ada ya muhula!

Na Daudi, mnayependa kumtaja kwamba hakumgusa Sauli? Ni kweli, hakumwua. Lakini alikata pindo la vazi lake, akatoka pangoni, akamwita mbele ya majeshi na kumwuliza kwa nini anamwinda bure. Hilo lilikuwa swali, tena la hadharani. Baadaye Daudi naye akawa mfalme, akamchukua mke wa Uria, na nabii Nathani akaja kumwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi hakusema Nathani ana roho ya uasi. Alisema, "Nimemfanyia Bwana dhambi." Paulo naye alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia kwa kujitenga na Wakristo wa mataifa. Petro huyohuyo aliyetembea na Yesu! Kama Petro alihojiwa, huyo mgeni wenu wa Ijumaa ni nani?

Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, wakalipokea neno kwa moyo, halafu "wakayachunguza maandiko kila siku" waone kama ndivyo yalivyo. Biblia inawaita waungwana. Ninyi mngewatoa kwenye kundi.

Labda mtasema mzee anakuza mambo, ni 50,000 tu. Hapa Moshi tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani, kila mmoja akikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa hawakuwa waovu, walikuwa watu kama mama zenu, wametoka nyumbani na matumaini. Kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililotangaza mwisho wa dunia. Na katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Mtoto hajui kufunga, wanangu. Mtoto alinyimwa chakula na mzazi aliyekwishazoea kusema Amina.

Hakuna aliyeingia msitu ule siku ya kwanza ili afe. Kwanza waliambiwa shule ni ya shetani, wakawatoa watoto. Wakaambiwa hospitali ni ukosefu wa imani, wakaacha dawa. Kila hatua ilikuwa na mtu aliyetaka kuuliza akaogopa kuonekana muasi. Ndiyo maana silichukulii jambo la binti yule kama utani wa vijana.

Lakini pia sitawatwisha ninyi peke yenu. Umemaliza chuo na shahada iko kabatini, huku unaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Mama anaumwa, zahanati inampa karatasi akanunue dawa dukani. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna muujiza Ijumaa, miguu inatangulia kabla ya akili. Mwaka 2011 kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kilikuwa shilingi 500, na kwenye foleni kijijini kwake Samunge walikuwemo mawaziri pamoja na maskini. Taifa lililoshindwa kuwatibu watu wake lilikwenda kupanga foleni nao.

Hata makanisa yetu ya zamani yasijisifu. Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, imejaa maswali kuanzia ukurasa wa kwanza, kila amri inafuatwa na "Maana yake nini?" Sisi tumeigeuza shairi la kukariri kabla ya kipaimara. Mtoto akikosea neno moja anakaripiwa, akiuliza swali lake mwenyewe anaambiwa mwalimu hana muda. Na kwenye mkutano wa mwaka, mwulize mtu fedha za jengo zimekwenda wapi uone anavyotazamwa.

Wapo wengine wenu watakaofurahia barua hii kwa sababu mbaya: wale wanaosema dini yote ni ya wazungu, waliyoisikia kwa mtu mtandaoni, naye kwa mwenzake. Hilo nalo ni kundi na lina Amina zake. Mfalme Ezana wa Aksum, kule Ethiopia, alikuwa Mkristo katika karne ya 4. Someni kwanza, halafu mkatae au mkubali kwa akili yenu.

Mengine nayasema kwa ufupi. Usiache dawa kwa sababu ya maombi. Omba na umeze. Ada si mbegu. Ukipewa mstari, soma sura nzima. Anayekuombea mbele ya kamera, jiulize anamwombea nani. Mathayo 6:6 ipo, inasema ukiomba ingia chumbani ufunge mlango, na chumba chako kina mlango.

Binti uliyetolewa, kama barua hii itakufikia: umefanya vizuri, mama. Ulisema "samahani", ukauliza kwa adabu kuliko nilivyoandika mimi humu. Usihame kanisa kwa ajili yao, na usijifunze kunyamaza.

Viongozi wa vijana, nawasubiri Jumatano baada ya ibada ya jioni, kwenye darasa la kipaimara. Kila mtu aje na Biblia ya karatasi, simu zibaki mfukoni. Tutaanza na Wagalatia sura ya 2, hiyo ya Paulo kumpinga Petro. Mtunza hazina aje na daftari la hizo 50,000, lenye majina ya waliokwisha kutoa, kwa sababu fedha hizo zinarudishwa kwa wenyewe usiku huohuo.