Muuza mukene akasema, "Basi nilipeni"

Mhariri,

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama wa soko, hapa Walukuba, Jinja. Tunaongea Kiswahili kutwa, ila daftari tunaliandika kwa Kiingereza maana wakaguzi ndivyo wanavyotaka. Mwezi uliopita daftari hilo nusura litugombanishe.

Katibu wetu alimkopesha muuza mukene (dagaa) shilingi 200,000 za kikundi, akaandika: "We borrowed her 200,000." Kijana aliyekuja kukagua akasoma, akauliza mbona chama kina deni. Muuza mukene akaangua kicheko: "Basi nilipeni, na riba juu!" Kijana hakucheka. Alimfokea katibu mbele ya wanachama kana kwamba kaiba.

Hapo ndipo naomba nafasi kwenye ukurasa wako. Kosa hili halitokani na ujinga. Mimi nikimwambia jirani "niazime sufuria," halafu nikaenda nyumbani nikasema "nimeazima sufuria," neno ni lile lile, sufuria tu ndiyo inayohama. Katibu amebeba "borrow" kama anavyobeba azima, kwa mikono yote miwili. Kiingereza hakiruhusu: anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend", na maneno yenyewe hayafanani hata herufi ya kwanza, utayakumbuka kwa lipi?

Lakini kwenye pesa sisi hatukosei kabisa. Hakuna mtoto wa soko anayechanganya kukopa na kukopesha. Hiyo -sha ndiyo inayozitoa pesa mfukoni mwako. Waganda nao wanazo kuwola (kukopesha) na kwewola (kukopa), ila kwao mpokeaji ndiye anayeongezewa kiungo. Mwalimu aseme tu: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha, iwe kalamu, iwe sufuria. Azima aiache nje ya darasa siku hiyo. Tangu mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda limeamua Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Sasa kwa nini mwalimu wa Kiingereza asikitumie?

Nimekata mstari ule kwa kalamu nyekundu, nikaandika "lent". Muuza mukene amesharudisha 50,000. Zile 150,000, kila nikipita kwenye meza yake, anasema bado anatungoja tumlipe.

Mweka hazina,
Walukuba, Jinja