Barua ya wazi kwa wazazi wa kidato cha nne: mwacheni mtoto ajibu mwenyewe

Wanangu wazazi, salaam.

Nawaita wanangu kwa sababu baadhi yenu nimewafundisha, na ambao sikuwafundisha nimewazidi umri. Juzi nilialikwa kwenye mahafali, nikakalishwa viti vya mbele chini ya turubai, nikashuhudia jambo ambalo bado linanikera. Mgeni rasmi alimwita binti mmoja, akampa kipaza sauti, akamuuliza anataka kuja kusomea nini. Binti akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mama yake akapaza sauti kutoka nyuma: "Sema daktari!" Binti akasema, "Daktari." Tukapiga makofi. Baba naye akasimama, akatangaza kwamba akipata divisheni wani, simu mpya inamsubiri. Makofi tena, safari hii na vigelegele. Katika shughuli yote ile, aliyevishwa taji la maua ndiye pekee ambaye hakusikilizwa.

Tangu 2024 tahasusi za kidato cha tano, yaani michepuo ya masomo ambayo mwanafunzi huchagua, ni 65. Zimo za michezo, za sanaa, za lugha, hata za dini. Lakini ukiingia majumbani mwenu utakuta iko moja tu, PCB (fizikia, kemia na biolojia), na mtoto asiyeitaka anaambiwa hajitambui.

Najua mtanijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Haya, lakini huyu ana miaka kumi na saba, na mnachomkunja sasa si tabia, ni maisha yake. Mtaani kwetu kuna mzee mwenzangu alimchagulia mwanawe kila kitu: shule, tahasusi, kozi ya chuo, hata timu ya kushabikia. Kijana hakumwangusha, alifaulu vizuri tu. Leo ana kazi na familia, na bado akitaka kununua friji anampigia baba simu kwanza. Siku moja mzee akaja kunilalamikia kibarazani: "Mwalimu, huyu mtoto mbona hana maamuzi?" Nilimtazama, nikamwongezea chai.

Maamuzi hayaji pamoja na ndevu, jamani! Mtu hujifunza kuamua kwa kuamua, tena aanze na mambo madogo ambayo akikosea hayamwangamizi. Mkimnyima hayo akiwa kwenu, atakwenda kujifunzia kwenye makubwa, nanyi hampo.

Kuna wanasaikolojia wawili Wamarekani, Edward Deci na Richard Ryan waliokuwa Chuo Kikuu cha Rochester, wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970. Wanasema binadamu ana mahitaji matatu ya nafsi: aone anachokifanya kimetoka kwake mwenyewe, aone anakiweza, na awe na watu anaowajali nao wanamjali. Yakikosekana hayo, mtu hunyong'onyea hata kama ameshiba. Wala hawasemi mtoto aachwe afanye atakavyo. Saa ya kurudi nyumbani ni yenu kuipanga. Ila mweleze kwa nini umeipanga hiyo, na akinuna, kubali kwamba ana haki ya kununa.

Sasa nije kwenye ile simu. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokuwa wanapenda kuchora bila kusukumwa na mtu. Kundi moja likaahidiwa kwamba likichora litapewa cheti chenye nakshi ya dhahabu na utepe. Kundi la pili likapewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye kalamu zikawekwa mezani, anayetaka achore. Wale walioahidiwa wakachora kama nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Kilichokuwa mchezo kwao kilishageuka kibarua, na kibarua kisicho na malipo nani anakitaka? Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu hata kidogo.

Ndiyo maana nasema mnawalipa watoto wachukie vitabu. Mtoto aliyesoma ili apate simu, akishaipata atasoma kwa ajili ya nini?

Hata hivyo siwatwishi ninyi lawama zote. Nchi hii nayo ina historia ya kumwamulia mtu mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana walijikusanya wenyewe kule Litowa, Ruvuma, wakalima pamoja, wakajenga shule yao, mambo yao wakayaamua mkutanoni. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza. Mwaka uliofuata umoja wa vijana wale wa Ruvuma ukavunjwa na chama tawala, na kufikia mwishoni mwa 1973 kuishi vijijini kulikuwa kumeshakuwa amri. Watu wakapakiwa kwenye malori. Tumelelewa hivyo, na shuleni vilevile: kaa chini, nakili, usiulize. Mnayatoa huko, najua.

Najua pia hofu yenu. Mama yule anauza vitenge ili ada ipatikane, anaogopa bintiye asije akahangaika kama yeye. Hilo ni pendo, simkejeli. Lakini hofu ni ya mama, na atakayekaa na fizikia miaka miwili ni binti.

Mengine nayataja tu. Msimlinganishe na mtoto wa shangazi yake. Mkimsifu, sifuni kazi aliyoifanya, si akili aliyozaliwa nayo. Mdogo wake anayelilia mama msimkimbize bweni. Serikali yenyewe ilizuia bweni hadi darasa la nne mwaka 2023. Na akiwa anaongea na mgeni, nyamazeni.

Matokeo yakitoka, dirisha la kubadilisha tahasusi litafunguliwa mtandaoni. Kaeni naye, mwulizeni anapenda nini na kwa nini, mpeni mnayoyajua kuhusu ajira na gharama, kisha mwacheni abofye mwenyewe. Na ile simu, baba, kwa kuwa umeshaahidi mbele ya watu, mnunulie hata akipata divisheni tuu. Ya mdogo wake nunua kimyakimya, umpe siku asiyoitegemea.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu.