Kaka, nirudishie daftari la Mwalimu

Kaka,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini nimeyaandika haya mbele za watu. Simu zangu hupokei tangu tulipotoka makaburini kumzika Mwalimu wetu wa skauti, na meseji unazisoma na kunyamaza. Wifi ndiye anayenijibu, na yeye sitaki kumtwisha mizigo yetu.

Kwanza nikushukuru. Gharama za msiba karibu zote ulizibeba wewe: jeneza, maturubai, mpaka ng'ombe. Watoto wa Mwalimu wanakusifu na mimi nakusifu. Ulipotokea na suti nyeusi, shingoni skafu ya kijani, ile aliyotushonea fundi wa Makoroboi, nilijivuna kwamba mimi ni mdogo wako.

Kisha ukapewa kipaza sauti.

Ulisema skauti Mwanza ilianzishwa na Mwalimu. Hilo nililiacha lipite, msibani marehemu huongezewa. Lakini yeye mwenyewe alitufundisha kwamba skauti iliingia Tanganyika enzi za Waingereza, yeye akiwa hajazaliwa. Ukasema Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani, amezikwa London. Kaka! Somo lile tulilisikia tumekaa bega kwa bega. Baden-Powell alianza na wavulana 20 kisiwani Brownsea mwaka 1907, akafia Nyeri, hapo Kenya kwa majirani, tarehe 8 Januari 1941. Kaburini kwake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njia inayosema nimekwenda nyumbani. Wewe ndiye uliyekuwa ukiipanga kwa vijiwe kila tulipomaliza matembezi ya Capri Point, na ole wake atakayeikanyaga. Hilo nalo nikalimeza.

Habari ya uwanja wa Nyamagana ndiyo iliyonikaba.

Ulisimulia Mei 1996 ukasema "sisi". Sisi tuligawa maji, sisi tulishika kamba watu wasisukumane, sisi tulikuwa watoto lakini tulisimama. Watu walilia. Yule mama aliyepotelewa na dada yake ndani ya meli ya MV Bukoba akaja kukushika mkono, nawe ukaupokea mkono wake kwa mikono miwili.

Kaka, hukuwepo.

Meli ilipinduka asubuhi ya tarehe 21, safari ya kutoka Bukoba ikiwa imebaki kidogo tu kufika. Miili ikawa inaletwa uwanjani ili ndugu waitambue. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, na mzazi aliyekataa hakumlaumu. Nani ampeleke mtoto kwenye jambo kama lile? Mama mkubwa alikataa, ukapelekwa Magu kwa babu. Hapo sina neno. Mimi mdogo wako nilikwenda, nikapewa ndoo na kikombe cha plastiki, nikaambiwa nisimame wanakotokea watu waliokwisha kutazama. Mwalimu alinionya nisimuulize mtu yeyote kama amemuona ndugu yake. Nimpe maji tu. Mzee mmoja alikipokea kikombe, hakunywa. Alinawa uso, akanirudishia, akasema "wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, akageuka kurudi kule kule kutazama tena. Uliposema "sisi tuligawa maji" nilimuona mzee yule, kisha nikakuona wewe na suti yako.

Ushauri wangu ni mmoja. Mtafute yule mama umwambie ukweli, uso kwa uso. Hutapungukiwa na kitu, watu bado watakuita mheshimiwa. Na ukiuliza mbona sikusimama palepale nikusahihishe, msibani hatusahihishani. Tena tangu hospitali ya Bugando mimi ndiye niliyekuwa nikihangaika na maiti, vibali, gari na wachimba kaburi. Ningeanzisha ugomvi, jeneza lingeshushwa na nani? Na ningefungua mdomo mbele ya shemeji zetu, ingesemwa nina wivu na pesa zako. Maneno hayo yamenifikia, najua yalikotoka. Sina wivu. Nani alimuuguza Mwalimu mwaka mzima wewe ukituma salamu? Sikuandika hapa kuhesabiana, lakini basi, na iandikwe.

Sasa daftari. Ile kaunta buku nyeusi uliichukua kwa mjane ukisema unakwenda kuitolea kitabu. Vijana wa kikosi wamekuja kwangu mara kadhaa kuiulizia. Wana skafu mpya za dukani na hawajui hata kikosi chao kiliwahi kupiga kambi Kayenze, wala nani aliunguza ugali wa udaga tukalala na njaa (wewe). Mwalimu aliandika yote: mahudhurio, michango, aliyefaulu mafundo, aliyefukuzwa kwa kuvuta sigara. Historia ya skauti mji huu unadhani iko ofisi gani? Imo kwenye makaunta buku ya walimu kama yeye, na mengi yameshaliwa na mchwa.

Desemba wifi anasema mnakuja. Karibuni, chumba kipo, sato wapo, na wanangu wanakuulizia kila siku. Ila daftari lisingoje Desemba. Lifunge vizuri, mpe kondakta wa basi lolote la Mwanza, nitumie namba ya gari, nitalipokea stendi ya Nyegezi hata likiingia usiku wa manane. Mahudhurio ya Mei 1996 yapo mle kwa mwandiko wa Mwalimu, jina kwa jina. Ukurasa ule nitautazama kwanza. Usiuchane.

Mdogo wako.