Fashfash za Mapinduzi: tusizisogelee

Mhariri,

Kila Januari magazeti huchapisha ratiba ya sherehe za Mapinduzi ya Zanzibar: gwaride, miradi ya kuzinduliwa, saa ya kuwasili mgeni rasmi. Halichapishwi neno hata moja kuhusu namna ya kuziangalia fashfash, yaani fataki za angani, za usiku wa kuamkia tarehe 12, na hizo ndizo zinazowatoa watu majumbani saa 6 usiku, mkeka kwapani na birika la kahawa mkononi.

Wengi wakifika uwanja wa Maisara, zinakorushwa, hukimbilia mbele. Tufe la fashfash la milimita 75, kiasi cha chungwa, hupanda mita 90 hivi ndipo lipasuke. Aliye chini yake huambulia maumivu ya shingo na majivu machoni. Kipimo ni rahisi. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kwenda kilomita moja. Ukiona mwanga na mlio vimekuja pamoja, umekaa pabaya, rudi nyuma. Ukiweza kuhesabu sekunde moja kamili kati yake, uko kiasi cha mita 340, na ua zima la mwanga linakuingia jichoni.

Halafu upepo. Januari ni kaskazi, kwa hiyo moshi husukumwa kusini-magharibi, upande wa bahari. Tandika mkeka upande wa Mnazi Mmoja, lakini barabara ya hospitali iacheni wazi. Gari la mgonjwa halina saa ya sherehe. Upepo ukilala, fashfash za mwisho, ambazo ndizo kubwa, hupasukia ndani ya moshi wa zilizotangulia. Buluu, inayotokana na shaba, ndiyo hufifia kwanza, nyekundu hustahimili. Marafiki wapeane mahali pa kukutania mapema, tuseme Makumbusho ya Amani penye kuba, maana simu hazishikiki dakika ile kila mtu anapotuma video.

Linalotusukuma kuandika hasa ni fataki za dukani. Vijana kumi wanachanga pesa, wanapanda darini Mji Mkongwe, wanawasha bila kibali cha polisi. Vichochoro vile havina nafasi: roketi ikigonga ukuta wa jirani hurudi ilikotoka. Shamba nako kuna makuti, na makuti makavu ya kaskazi hayahitaji zaidi ya cheche moja.

Mwenye kibali na uwanja mtupu azingatie haya. Chupa ya soda ni nyepesi mno kushikilia roketi. Huanguka utambi ukiwa umeshashika, na roketi huondoka sambamba na ardhi, kimo cha magoti ya watu. Chomeka bomba kwenye ndoo ya mchanga, roketi uiweke humo. Boksi la mirija mingi hurudi nyuma kidogo kila mrija unapofyatuka, na kufikia wa kumi limeshaegemea upande, kwa hiyo lizungushie matofali au mchanga hadi nusu ya kimo chake. Washa kwa kijiti cha udi, mkono umenyooka, uso pembeni. Kiberiti hukulazimisha kuinama juu ya mdomo wa mrija, na hapo ndipo mtu anapoweza kupoteza jicho.

Fataki isipolipuka, iache. Karatasi na gundi hunyonya unyevu wa pwani, hivyo moto unaweza kutambaa ndani ya utambi polepole bila kuonekana, uamke pale mtu anapochungulia. Subiri dakika 20, imwagie maji ukiwa mbali, kisha itumbukize kwenye ndoo hadi asubuhi. Kuwasha mara ya pili hakuna.

Vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto vinafika nyuzi 1,000 na zaidi. Baibui la nailoni huyeyuka na kugandana na ngozi; khanga ya pamba ina nafuu. Akiungua mtu, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno, si asali, si ute wa yai. Jicho likipigwa lisisuguliwe wala kubanwa: lifunike kwa kitako cha kikombe cha karatasi, mpeleke hospitali.

Limebaki jambo moja kwa waandaaji. Asubuhi ya tarehe 12 watu wazima huwa kwenye gwaride Amaan au mbele ya televisheni, na watoto ndio wa kwanza kuingia uwanja wa Maisara kuokota maganda. Tufe lisilopasuka halitofautiani sana na mpira uliochakaa. Uwanja ukaguliwe kwa tochi usiku uleule na tena kukipambazuka, kabla ya kuondoa kamba, na saa ya kuufungua itajwe kwenye ratiba.

Wapenzi wa fashfash,
Kikwajuni, Unguja