Ubora wa kidonge huamuliwa kwenye chenga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo linalosahaulika kila inapojadiliwa haja ya nchi yetu kujitengenezea dawa. Mazungumzo mengi huishia kwenye mashine ya kushindilia vidonge, ambayo ndiyo wageni hupelekwa kuitazama, ilhali kwa dawa nyingi ubora huwa umeshaamuliwa katika chumba cha nyuma, pale unga unapolowanishwa na kugeuzwa chenga.

Tuchukue parasetamoli ya miligramu 500. Fuwele zake hazishikani vizuri, na ukizishindilia kavu, kidonge hutoka na ufa, kisha hubanduka upande wa juu kama kifuniko. Ndiyo maana huchanganywa na wanga, humiminiwa uji wa wanga au povidoni iliyoyeyushwa, ambavyo hufanya kazi ya gundi, hukandwa, hupitishwa kwenye chekeche, hukaushwa, huchekechwa tena, na mwishoni hutiwa magnesiamu stearati kidogo, kwa kawaida isiyozidi asilimia 1, ili chenga zisinate kwenye vyuma vya mashine.

Mtihani mkubwa ni maji. Yakipungua, unga haushikani na vidonge hupukutika. Yakizidi, chenga hukauka ngumu kama kokoto, na kidonge chake huweza kuchelewa kuyeyuka tumboni hata kama kwa macho kinapendeza. (Wengi huamini kuwa kidonge kigumu ndicho bora, sivyo.) Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akifumba unga uliolowa katika kiganja chenye glavu hadi ukawa tonge, kisha akilibonyeza kwa kidole gumba: likimeguka vipande bila kurudi kuwa unga wala kunata, maji yametosha. Siku hizi viwanda vikubwa hupima nguvu inayotumiwa na mota ya kichanganyio, lakini kipimo hicho hakimsaidii mtu asiyejua kinachotokea ndani ya unga.

Ukaushaji nao hautaki haraka. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, trei zilitolewa kwenye tanuri kabla ya wakati ili kuwahi zamu ya usiku, na asubuhi tulikuta vidonge vimenata kwenye vyuma na maandishi yake yamefutika. Toleo zima, yaani vidonge vyote vya mkupuo ule, liliteketezwa. Nililia siku ile, kwa kuwa nilijua zahanati zilizokuwa zikiisubiri dawa hiyo. Chenga zikikaushwa kupita kiasi nazo hurudisha tatizo la kubanduka, hivyo unyevu hauna budi kupimwa, wala usikisiwe kwa saa ya ukutani.

Ombi langu kwa wanaopanga mitaala ya famasia na ufundi wa viwandani ni kwamba mwanafunzi akande unga kwa mikono yake, apime unyevu, na alione mwenyewe toleo lililozidishwa maji kabla hajakabidhiwa dawa ya wagonjwa. Kichanganyio kidogo, chekeche, tanuri na mizani ya kupimia unyevu vinatosha kuanzia.

Mfamasia mstaafu,
Dar es Salaam