Kwa madaktari wanagenzi wa hospitali za mafunzo na rufaa, Nairobi

Wanangu,

Tangu 2013 hospitali za kaunti zimo mikononi mwa magavana, nazo za ngazi ya 6, yaani ya juu kabisa, kama Kenyatta, zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, zahanati zikawa na mfuko wao na hospitali kubwa wao. Katikati ya wakubwa hao wote, kinachomfuata mgonjwa ni barua ya rufaa, ile mnayoiandika saa tisa usiku macho yakifumba.

Mama analetwa na kifafa cha mimba, barua inasema tu, "Amepewa magnesiamu," dawa ya kuzuia degedege. Kiasi gani? Saa ngapi? Dozi ya kwanza ni gramu 4 mshipani, polepole, kwa dakika 5 hadi 20, kisha gramu 5 katika kila tako, jumla 14. Ukirudia zote kwa kutojua, pumzi zaweza kukatika. Ukisitasita, degedege linarudi. Kabla ya kila dozi ya baadaye, inayotolewa kila baada ya saa 4, hesabu pumzi: zisipungue 16 kwa dakika. Gonga goti uone kama linaruka. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukonati gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, ikae karibu na kitanda. Ikifungiwa stoo ni kama haipo.

Aliyeandika barua hiyo mpigie simu, umweleze kilichokosekana. Usimfokee. Aliyefokewa leo, kesho atatuma mgonjwa bila kupiga simu, na hilo ndilo baya zaidi.

Barua ya kurudi, ile ya kumrudisha mgonjwa kwenye kituo cha kwao, ndiyo inayosahauliwa kabisa. Mtu anaruhusiwa akiwa na orodha ya dawa tu, kisha anapanga foleni kwenu mwezi baada ya mwezi kupimwa presha ambayo kituo cha afya cha mtaani kwao kingepima. Anayehitaji jicho la mtaalamu anakosa nafasi, nanyi mnakosa kujifunza kwake. Andika ugonjwa ulithibitishwaje, dozi na mwisho wake, kipimo kipi kirudiwe lini, na dalili gani imrudishe kwenu. Weka nambari ya simu ya wadi, si yako. Wewe utahamia upasuaji baada ya miezi michache. Na kabla ya kuandika dawa, uliza kama kituo hicho kinayo.

Mzee wenu